Kioo kinatazama nini?

Mama hakusema neno.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha punde. Alishatia udhu, ametandika msala wake sebuleni katikati ya kochi na meza ya televisheni, ameelekea kaskazini kama tunavyoswali sote hapa Dar es Salaam. Akainua mikono atoe takbira. Akaishusha. Akachukua kanga ya pili ya doti yake, iliyokuwa kwenye mkono wa kochi, akasogea ukutani akairusha juu ya kioo changu. Kanga ikanasa kwenye miale miwili ya mbao, ikaning'inia, ikakifunika chote. Ndipo aliporudi kwenye msala akaswali rakaa zake tatu kwa utulivu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi.

Kanga ile naijua, nilimnunulia mimi. Maneno yake yaliangukia katikati ya kioo, yameinama upande mmoja lakini yanasomeka vizuri: Usisafirie nyota ya mwenzio.

Sidhani kama aliichagua. Ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wake. Lakini kwa wiki tatu baada ya hapo sikukipita kioo kile bila kuyaona maneno hayo, hata baada ya kanga kurudi Tanga na mwenyewe.

Jua la mbao

Nikieleze kioo chenyewe, maana nilikipenda na bado nakipenda.

Katikati ni duara la kioo lenye upana wa sentimita 60. Kuzunguka duara hilo kuna miale 24 ya mbao, mirefu na mifupi, hakuna miwili iliyolingana, na mbao zote zimetoka kwenye jahazi lililokufa. Fundi alizipata zikiwa zimevunjwa ziuzwe kama kuni. Hakuzipiga randa hadi zing'ae. Alizisugua kwa msasa kidogo tu, akaacha rangi zilizopakwa mwaka baada ya mwaka: nyeupe juu, chini yake kijani, chini kabisa buluu iliyopauka kama jinzi la zamani. Mwale mmoja, ule unaoelekea saa mbili, una matundu matatu ya misumari, na kila tundu limezungukwa na pete nyeusi pale kutu ilipoingia ndani ya mti. Kwenye mwale mwingine kumebaki uzi wa pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa za chombo, umekauka, umeng'ang'ania ufa wake. Siku ya mvua ukisogeza pua unapata harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, kwa mbali sana.

Ningeweza kukaa nikitazama mbao zile jioni nzima.

Wazo nililipata nyumbani kwa rafiki yangu. Yeye alikuwa na kioo cha namna hiyo cha chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, nami nikakitamani mpaka usiku nikawa nakichora kwenye karatasi. Nilipomfikishia fundi mchoro wangu kule Keko, wazo la mbao za jahazi likawa lake. Kwa hiyo nyota ilikuwa ya mwenzangu kweli. Mbao peke yake ndizo zilizokuwa za kwetu.

Kikatundikwa ukuta wa kaskazini, ukuta mkubwa kuliko zote, unaokupokea ukifungua tu mlango. Kila aliyeingia alikwenda kusimama mbele yake. Binti wa dada yangu alikuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua ili aone gauni lake hadi viatuni, asivione, kwa sababu kioo bapa kilichosimama wima kinakuonyesha mara mbili tu ya urefu wake, uwe karibu au mbali. Sentimita 60 zinakupa sentimita 120 za mwili wako. Hata urudi mpaka barabarani.

Watu walipiga picha. Waliuliza bei. Mimi nilikuwa nikiwajibu jambo ambalo nililiamini kabisa: hiki si kioo cha kujitazamia, hii ni sanamu ya ukutani ambayo katikati yake kuna kioo.

Na si mimi niliyeanza kusema hivyo. Line Vautrin, msanii wa Paris, alitengeneza katika miaka ya 1950 vioo vidogo vilivyobinuka kama jicho la samaki, akavizungushia miale ya utomvu wa plastiki aliyoiunda kwa mikono yake na kuipachika vipande vya kioo. Mwaka 1970 Mwitalia Ettore Sottsass alibuni Ultrafragola, kioo kirefu kuliko mtu, fremu yake ya plastiki imejipinda kama nywele ndefu na ndani yake inawaka taa ya waridi. Vioo vya mawimbi unavyoviona siku hizi kwenye maduka ya samani, hata hapa kwetu, ukifuatilia ukoo wao unakutana na kile. Wasanii hao walikataa kioo kiwe chombo cha kuchania nywele tu. Nami nilikuwa upande wao.

Ndiyo maana kanga ya Mama iliniuma. Niliona kama amefunika kazi ya sanaa kwa nguo.

Nilipokaa alipokaa Mama

Kusema kweli, sababu yake niliijua tangu mkono wake ulipoanza kushuka. Mtu hawezi kusimama mbele ya Mola wake huku anajitazama. Kilichonisumbua ni kwamba nimeishi na kioo kile miezi kadhaa na jambo hilo halikunipitia akilini hata siku moja. Mimi huswalia chumbani. Sebule yangu niliipanga kwa ajili ya wanaoingia, wanaosimama, wanaosema mashaallah kisha wanaketi. Mwanamke mmoja ambaye akija hutandika msala kwenye sebule ile mara tano kwa siku sikumweka kwenye hesabu.

Rafiki yangu alinishauri nitundike pazia dogo. Likihitajika unalivuta. Nilikaribia kununua fimbo ya pazia.

Sikununua. Kuna jioni moja nikatandika msala pale pale nikakaa kitako, nikainua macho.

Kwanza sikujiona. Kioo kilikuwa kimetundikwa juu, katikati yake mita 1.6 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Mimi niliyekaa chini nikaona panga boi. Nikaona nusu ya fremu ya dirisha na pazia lenye doa ambalo nilikuwa nimelisahau. Nikaona juu ya kabati, mahali ninapoficha maboksi na waya wa upanuzi uliojiviringa kama chatu. Vyote vimezungukwa na miale 24 ya mbao za jahazi, vimetukuzwa kama kitu cha kuhiji.

Hicho ndicho kioo changu kilichokuwa kikikionyesha muda wote ambao hapakuwa na mtu amesimama mbele yake. Yaani karibu muda wote.

Nilikaa pale mpaka giza likaingia, panga boi likapotea, na ndani ya duara ukabaki mwanga wa taa ya barabarani.

Nikamkumbuka bibi yangu wa Pangani. Nyumba nzima ilikuwa na kioo kimoja, si kikubwa kuliko daftari, kimening'inia kwenye msumari kando ya dirisha, na kitana kimechomekwa nyuma yake. Ukitaka kujitazama unakifuata, unajitazama, unaondoka. Usiku hatukuruhusiwa kukikaribia. Mvua ya radi ikianza, bibi alikigeuza kikatazama ukuta kabla hata hajaanua nguo. Nilikua nikichukulia mambo yale kuwa hofu za watu wa zamani. Jioni ile niliyatazama upya. Sizungumzii radi, radi haifuati kioo. Nazungumzia kwamba bibi hakukitundika kioo akakisahau. Alijua kila saa kinaelekea wapi.

Kuta zilizofanya kazi ya kioo

Ukiingia nyumba ya zamani ya Lamu, zile za mawe ya matumbawe na chokaa, unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha vyumba virefu vyembamba vinafuatana kuingia ndani. Wembamba wake una sababu: dari zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya kama mita tatu. Mwanga unatoka kiwandani tu. Kadiri unavyozidi kuingia, giza linaongezeka. Na pale mwisho, kwenye chumba kinachoitwa ndani, ndipo mafundi wa karne ya 18 walipoweka kazi yao kubwa kuliko zote: ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu za vijumba vidogo vyenye matao, vimechongwa kwenye chokaa na kujazwa sahani za kaure zilizotoka China.

Nilizoea kusema zidaka ni rafu za mapambo. Sasa nasema ni zaidi. Ukuta ule umeelekezwa kwenye mwanga. Chokaa nyeupe inaudaka, kila kitao kinashika kivuli chake, kaure inarudisha mng'ao kidogo kidogo, na chumba ambacho kingekuwa pango kinapata uhai. Ni kazi ya kioo, bila kioo na bila uso wa mtu.

Vioo vyenyewe vilikuja vikakaa pamoja na zile sahani. Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, na humo anaeleza vyumba vya wenye uwezo: madaka ukutani yenye vyombo vya kaure na bilauri, na vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya vikisimama katikati yake. Kwa hiyo anayedhani kupamba ukuta kwa vioo ni jambo la jana lililoletwa na simu za mkononi, watu wa pwani walilifanya zamani.

Kuna maeneo mawili mengine yaliyonifungua macho. Moja ni kasri la Versailles, Ufaransa. Ukumbi wake wa vioo ulikamilika mwaka 1684, una vioo 357, na watu hutajiana idadi hiyo. Kinachonivutia mimi ni mpangilio. Vioo vile vimepangwa katika matao 17, na mbele yake, upande wa pili wa ukumbi, kuna madirisha 17 yanayotazama bustani. Tao kwa dirisha. Waliojenga waliamua kwanza vioo vitatazama nini, ndipo wakavipandisha ukutani.

La pili ni Shah Cheragh, kule Shiraz, Iran. Ni ziara, mahali pa ibada, na ndani kuta na dari zimefunikwa vioo. Nilipoziona picha zake kwa mara ya kwanza nilishtuka, nikamfikiria Mama. Lakini vioo vile vimekatwa vipande vidogo vidogo, vimepachikwa kila kimoja na mwinamo wake, kwa maelfu. Huwezi kuuona uso wako mzima popote. Unaona nuru imevunjika na kutawanyika. Mafundi wa Kiajemi wamekichukua kioo wakakiondolea sura za watu wakabakiza mwanga.

Basi kioo na ibada si maadui. Kazi ilikuwa kwangu.

Swali la fundi

Nilirudi Keko nimekibeba nyuma ya teksi, kimezungushiwa blanketi. Sababu niliyojipa ilikuwa vidoa vyeusi vilivyoanza kujitokeza ukingoni.

Fundi akakilaza kifudifudi mezani. Sikuwahi kukiona mgongoni: ubao mwembamba wa plaiwudi, vibanzi vya mti vinavyoinua ukingo ili hewa ipite, na miale 24 imekutana pale kama njia zinazoingia sokoni. Mgongo ule ulikuwa mzuri pia. Akanionyesha kwamba kioo hiki nyuma yake kina fedha halisi, tabaka jembamba ajabu, na juu yake rangi ya kuikinga. Ni njia iliyotokana na kazi ya mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Hewa yetu ya bahari ina unyevu na chumvi, inajipenyeza ukingoni, inaila fedha, na hapo ndipo weusi unapoanzia. Silikoni inayonuka siki inaharibu zaidi, kwa hiyo yeye haitumii. Akapaka ukingo wote rangi upya. Vidoa vilivyokwishaingia vitabaki, akasema, ila havitatembea haraka.

Kisha akauliza, "Dada, hiki ulikitundika kinatazama nini?"

Nikamjibu kiko ukuta wa mbele, ukiingia tu mlangoni unakutana nacho.

"Hapo ndipo kilipo. Mimi nauliza kinatazama nini."

Nikanyamaza. Halafu nikamweleza yote: panga boi, maboksi, na mwisho kabisa kanga ya Mama. Ile ya kanga niliieleza kwa sauti ya chini.

Hakushangaa. Akanivuta kwenye kona ambako kuna kioo kingine anakitengeneza, cha upinde, fremu ya mwembe. Kioo chake kilikuwa kimefunikwa gazeti lililobandikwa kwa selotepu. Hufanya hivyo kila mara, akasema. Akikiacha wazi anapofanya kazi haoni mbao. Anaona bodaboda zinapita, anaona uso wake, anaona jirani ananyoosha shingo. Jicho linakimbilia kinachotembea. Gazeti analibandua siku ya kukabidhi tu.

"Mimi nafanya nusu," akaniambia. "Nusu nyingine ni kitu utakachokiweka mbele yake. Hiyo siwezi kuichonga."

Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Sanamu ya mti unaweza kuihamisha kutoka sebuleni kwenda chumbani na ikabaki ile ile. Kioo ukikihamisha hatua mbili umetengeneza kitu kingine. Kinachukua chochote kilicho mbele yake, kizuri na kibaya, kinachukua na watu, na watu hao hawakuulizwa. Nilikuwa nimenunua nusu ya kazi, nikaitundika nikidhani ni nzima, na nusu iliyobaki nikaiachia panga boi.

Ukuta wa ujiani

Siku nne nilizunguka na kioo kidogo cha mkononi, nikikiegemeza kwenye kuta za nyumba yangu asubuhi, mchana na jioni. Chumbani kilitazama kitanda, nikakiondoa bila kufikiri mara mbili. Kwenye meza ya kulia kilituonyesha tunavyotafuna.

Kuna ujia unaotoka sebuleni kwenda uani, mrefu, na mwanzo wake una giza hata mchana. Mlango wa uani unatazama magharibi. Kwenye ukuta wa kusini wa ujia ule, hatua moja tu kutoka mlangoni, niliegemeza kioo cha mkononi, nikarudi sebuleni, nikageuka.

Mlimau ulikuwa ndani ya ujia.

Ukitoka sebuleni unauona kwenye kioo kabla hujaufikia mlango, na kamba ya nguo, na kipande cha anga. Na anayeelekea kibla, kioo kile kiko mgongoni kwake.

Tulikitundika Jumamosi, mimi na kaka yangu, kwa skrubu mbili ndefu. Kioo cha milimita tano kina kilo 12 na nusu kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo hiki chenyewe hakifiki kilo nne. Uzito uko kwenye mbao. Nilikishusha, katikati yake ikawa mita 1.2. Wageni warefu watainama kidogo. Sebuleni, mahali pake pa zamani, palibaki matundu mawili na alama hafifu ya duara. Nimeyaziba matundu. Ukuta nimeuacha mtupu.

Wageni sasa hawasemi mengi. Wengine huondoka bila kukiona. Sikutegemea kwamba hilo litaniuma, na kuna siku linaniuma.

Mama alikuja tena mwezi wa Juni, kusi linavuma. Msimu huo jua linazama likiwa limeegemea kaskazini, na alasiri linaingia mlango wa uani kwa mshazari, linaupiga ukuta wa kusini. Sikuwa nimelipigia hesabu hilo. Mnamo saa kumi linafika kwenye kioo, kioo kinaligeuza, na kule ndani ya ujia, mahali ambapo jua lenyewe halifiki, linaanguka sakafuni duara refu la mwanga kama yai, limezungukwa na vivuli vya kamba ya nguo.

Siku ya pili ya kukaa kwake niliporudi kutoka kazini nilimkuta Mama amekaa kwenye kigoda ujiani. Ungo wa mchele ameuweka chini, katikati kabisa ya mwanga ule. Anachambua. Macho yake siku hizi yamepungua nguvu, mawe madogo yanampita.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa, lakini usinizibie."

Nikakaa kando yake. Kila baada ya muda alikuwa akiusogeza ungo, kidogo tu, kuufuata mwanga.